Umepata Ngapi?



Juma lililopita tulialikwa chakula cha mchana katika nyumba ya familia mojawapo ya parokia yetu. Kulikuwa na wali wa nazi, pweza, na mazungumzo mazuri. Kijana mmoja, mgeni kutoka Dar es Salaam, alikuwa amefanya katika simu yake jaribio fupi linalodai kupima akili ya mtu, nalo likampa namba 131. Akaizungusha simu mezani ili sote tuione. Kisha akatugeukia: “Baba Paroko, na wewe IQ yako ni ngapi?”

Tulimtafuna pweza yule kwa muda mrefu kuliko alivyostahili. Swali hilo halina jibu la heshima. Ukitaja namba kubwa, umejisifu mbele ya wenyeji wako. Ukitaja ndogo, umejiaibisha, na wenyeji wameaibika pamoja nawe. Ukikataa kujibu, wote wataamini kwamba ni ndogo mno. Nasi, kwa kweli, hatuijui. Mwanafizikia Stephen Hawking, alipoulizwa swali hilo na gazeti la New York Times mwaka 2004, alijibu kwamba hana habari na namba yake, akaongeza neno kali juu ya wanaojivunia yao. Laiti tungelikumbuka pale mezani! Tulisema tu kwamba seminarini hatukupimwa hivyo, watu wakacheka.

Ndipo mzee mmoja, pengine kwa nia ya kutuokoa, akalielekeza swali kwa binti aliyekuwa akituletea maji ya kunawa. “Na wewe mjukuu wangu, matokeo ya Kidato cha Nne si yametoka? Umepata ngapi?”

Binti akaweka birika chini. “Ziro, babu,” akasema, akatoka. Maji tulinawishana wenyewe.

Tangu siku ile jambo hili limetunyima raha, na leo tunaliandika bila kupakapaka mafuta. Swali la kijana kila mtu aliliona kuwa ni la utovu wa adabu. Swali la mzee hakuna aliyeliona hivyo, wakati ni swali lile lile. Yote mawili humtaka mtu ataje mbele ya watu namba inayodaiwa kuwa ndiyo akili yake, ili waliopo wajue wamkalishe wapi. Kila inapofika Januari tunalisikia barazani, ndani ya daladala ya Wete, bandarini Mkoani wakati wa kungoja boti, na (tunaona haya kusema) nje ya mlango wa kanisa mara baada ya Misa. Tumewahi kulisikia hata katika mazungumzo ya posa, akiulizwa mtu mzima aliyekwisha kutimiza miaka thelathini.

Basi tuitazame namba yenyewe. Mtahiniwa huhesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, F ni pointi 5. Kwa hiyo aliye bora kabisa ana pointi 7, na anayefikisha 34 au 35 ndiye huitwa ziro. Huo ni utaratibu wa kupanga karatasi, na kama utaratibu wa kupanga karatasi hatuna ugomvi nao. Ugomvi wetu ni pale neno “ziro” linapohama kutoka kwenye karatasi na kukaa juu ya kichwa cha mtoto.

Wasomaji watakumbuka matokeo ya mtihani wa mwaka 2012. Yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na ziro. Nchi nzima ilitikisika. Mwezi wa Mei serikali ikayafuta matokeo yale, ikaamuru alama zipangwe upya kwa utaratibu wa awali, na maelfu waliokuwa na ziro wakajikuta wamefaulu. Majibu waliyoyaandika hayakubadilika hata herufi moja. Tunauliza: je, akili za watoto hao ziliota kati ya Februari na Mei, kama mihogo? Na jirani aliyewacheka mwezi wa Februari, alikwenda kuwaomba radhi mwezi wa Mei? Watahiniwa wa mwaka 2014 nao walipangwa kwa mfumo wa GPA, kisha divisheni zikarudishwa. Hao mpaka leo wakiulizwa “divisheni ngapi?” hulazimika kutoa mhadhara.

Tena kuna jambo la lugha. Mtoto wa Pemba anayekwenda baharini na baba yake anajua bamvua na maji mafu, anajua siku gani dema litajaa na siku gani litarudi tupu, naye atakueleza sababu zake kwa Kiswahili kitamu. Kwenye mtihani anaulizwa juu ya mwezi na kupwa kwa maji kwa Kiingereza, na akikwama kwenye neno moja, bahari yote ile aliyonayo kichwani inaandikiwa F.

Hata hicho kipimo cha kwenye simu kina historia inayofaa kujulikana. Mwaka 1905 Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitunga majaribio yao huko Ufaransa ili kuwatambua watoto waliohitaji kusaidiwa zaidi darasani, na Binet alipinga wazo la kwamba akili ni kitu kisichoongezeka. Wengine wakakichukua kipimo wakaliacha kusudi. Haikupita miaka thelathini, hapa hapa Afrika Mashariki, Dkt. H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alikuwa akipima mafuvu na kudai kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu wa asili, na kwa hiyo elimu ya Kizungu haimfai. Ndivyo ilivyokuwa: walipima vichwa vyetu ili wapate sababu ya kutunyima madarasa. Sisi wajukuu wa waliopimwa, leo tunaulizana namba kwa hiari yetu, tena tukicheka!

Wazazi wengine watatujibu: “Baba, tusipouliza, watoto watabweteka.” Mzazi anayelipa ada na mwalimu anayefundisha wana haki ya kujua, nao waulize chumbani, mlango ukiwa umefungwa, wakiwa tayari kusaidia. Sisi wengine tunauliza ili tupate nini? Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora. Baraza limeacha, sisi wa barazani tunaendelea.

Karafuu ina madaraja, na ni haki yake. Mkulima akiipeleka kituoni kwa ZSTC huangaliwa ukavu na usafi wake, kisha hupewa daraja la kwanza, la pili au la tatu, kwa kuwa inanunuliwa. Binti yule nani alitaka kumnunua?

Na tusisahau kwamba msimamizi wa sisi maparoko, Mtakatifu Yohane Maria Vianney, alishindwa mitihani ya seminari kwa sababu ya Kilatini. Alipadirishwa mwaka 1815 kwa huruma ya wakubwa wake. Maelfu waliomiminika Ars kuungama kwake hawakumuuliza alipata ngapi.

Juzi jioni tulikwenda kumtafuta binti yule. Tulimkuta ukumbini na mama yake, wamekaa juu ya jamvi wakichambua karafuu za jirani kwa ujira. Tukaketi, tukachukua kikonyo kimoja, tukaanza kuchambua nao, vibaya. Tulimwomba radhi kwa kuwa tulikuwepo mezani na tukanyamaza. Akakaa kimya kwa muda, kisha akauliza bila kuinua macho:

“Baba, na wewe Hisabati ulipata ngapi?”

Tukamwambia ukweli: F. Seminarini matokeo yalisomwa kwa sauti mbele ya wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na mwaka ule tulisubiri sana kabla ya kusikia jina letu.

Mama yake akaangua kicheko. Binti akatuonyesha jinsi ya kushika kikonyo ili karafuu zisivunjike.