Eti "shingo tu"!

Jamani wadau, leo nina hasira. Hapa chuoni Marekani wachezaji wa futiboli (ule mpira wao wa kubeba mikononi, sio soka) utawaona wanageuka mwili mzima wakiitwa. Ukiuliza, jibu ni "aah, shingo tu". Shingo tu? Pigo linalokaza shingo ndilo hilo hilo linaloweza kutikisa ubongo, na dalili zinafanana: kichwa kuuma, kizunguzungu. Mtu apimwe vyote viwili bwana, sio kuwekewa barafu na kurudishwa uwanjani. Na helmeti inazuia fuvu lisipasuke, haizuii ubongo kusukwasukwa humo ndani.

Halafu wanakuja wale wa "ndio mchezo ulivyo". Mchezo upi? Utafiti wa timu sita za vyuo, 2015 hadi 2019, ulikuta kesi 68 za mtikisiko wa ubongo, na asilimia 72 zilitokea MAZOEZINI. Karibu nusu ni kwenye maandalizi, kabla msimu haujaanza! Hakuna kombe pale, hakuna mashabiki. Mnaumizana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu kocha kasema. Mwaka 2021 NCAA wakaweka kikomo: siku 9 za kugongana kwa nguvu kamili kati ya 25 za maandalizi. Bado nyingi.

Eti vijana watalegea? Kocha Buddy Teevens wa Dartmouth alipiga marufuku kuangushana mazoezini mwaka 2010, wakawa wanaangusha masanamu. 2015 wakatwaa ubingwa wa Ivy League, pamoja na Harvard na Penn. Walilegea wapi hao?