Rere asije akabaki jina tupu

Kila muhula huwakumbusha wanafunzi wangu wa isimu kwamba bahari haikututenga na Bukini, kama wazee wa pwani walivyokiita kisiwa cha Madagaska. Kimalagasi kilitoka Borneo, lakini mifugo mingi kisiwani humo ina majina yaliyovuka kutoka kwetu: omby ni ng'ombe, akoho ni kuku, amboa ni mbwa.

"Na wanyama waliowatangulia watu kisiwani?" mwanafunzi mmoja aliniuliza majuzi. Nikamtajia rere.

Rere ni kobe wa maji baridi mwenye kichwa kikubwa, na gamba lake huweza kufikia nusu mita. Makao yake ni maziwa, vinamasi na mito itiririkayo polepole magharibi mwa Madagaska. Kwingineko duniani hana asili. Ajabu ni kwamba jamaa zake wa karibu walio hai wako Amerika Kusini. Mfaransa Alfred Grandidier alimtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1867, ilhali Wamalagasi walikwisha kumpa jina zamani. Sisi tuna kasa na ng'amba wa baharini, lakini wa mtoni, katika Kiswahili sanifu, twamwita tu kobe wa maji.

Hata hivyo, jina halimwokoi mwenyewe. Rere hunaswa nyavuni akawa kitoweo. Vinamasi vyake hugeuzwa mashamba ya mpunga, na misitu ikichomwa, udongo husombwa hadi maziwani. Naye huchukua miaka mingi kukomaa. Jike akiliwa leo, pengo lake halizibiki kesho. Shirika la IUCN limemworodhesha miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Wapo wasemao dawa ni kumfunga mvuvi. Sikubaliani nao. Anayetafuta chakula cha wanawe hatishiki kwa karatasi ya sheria. Isitoshe, mvuvi huyo ndiye ajuaye rere hutaga wapi na lini. Kituo cha Ampijoroa, katika hifadhi ya Ankarafantsika, kimefaulu kuwazalisha rere. Lakini watoto hao watarudishwa katika ziwa la nani, ikiwa wenye ziwa hawakushirikishwa wala kupewa njia nyingine ya riziki? Mvuvi na afanywe mlinzi, naye alipwe kwa ulinzi wake.

Katika kitabu chake cha mwaka 1658, Étienne de Flacourt aliandika habari za ndege mkubwa wa Madagaska aitwaye vorompatra, aliyetaga mayai kama ya mbuni. Leo ndege yule mkubwa hayupo. Imebaki mifupa, vigae vya mayai, na neno ambalo sisi wanaisimu twalihifadhi kamusini.

Kazi hiyo naipenda, lakini sitaki kumfanyia rere. Majuto ni mjukuu, nasi babu zake tungali hai.