MASHAURI YA GARI: Mabomba ya Petroli katika Land Rover Kuukuu

Wasomaji kadha wameniuliza kwa nini Land Rover zao za zamani huzimika mlimani, hali tangi lina petroli tele na hapana tone linaloonekana chini ya gari. Jambo hili nalijua, maana lilinigharimu fedha. Nilikuwa nikipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru na magunia ya kabichi, mashine ikakohoa, ikanyamaza. Ilipopumzika ikawaka, mwendo kidogo, ikazimika tena. Fundi mmoja alifungua kabureta mara mbili, na mara mbili nikamlipa. Kosa halikuwa huko. Lilikuwa katika kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kidole, kilichopasuka karibu na tangi.

Hapana budi kufahamu jinsi petroli inavyosafiri. Katika Land Rover fupi za Series II, zilizoanza kuuzwa mwaka 1958, na za Series III, zilizotengenezwa toka 1971 hadi 1985, tangi liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, ambacho kwetu ni cha dereva. Pampu imefungwa ubavuni mwa mashine upande wa kulia. Huvuta petroli kutoka tangini, kisha huisukuma mpaka kwenye kabureta, upande wa kushoto. Basi bomba likitoboka baada ya pampu, petroli hutoka nje, na mwenye gari huiona na kuinusa. Likitoboka kabla ya pampu, huvuta hewa ndani, na huenda lisidondoshe kitu. Katika tambarare mashine huvumilia. Mlimani, inapotaka petroli nyingi, hupewa hewa.

Kazi ya kubadilisha ifanyike nje, penye upepo, si juu ya shimo la gereji, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa nao hutuama shimoni ukingoja cheche. Fungua kwanza waya wa betri. Taa ya mafuta na sigara vikae mbali. Wala usivute petroli kwa mdomo, ingawa wengi wetu tumefanya hivyo. Tone likiingia mapafuni huweza kumwua mtu.

Mpira ununue wa petroli hasa, wenye maandishi ya kazi hiyo ubavuni. Mpira wa maji hulainika ndani, ukavimba na kubanduka vipande vinavyoziba kabureta. Upime na bomba lenyewe: bomba la inchi 5/16 hutaka mpira wa milimita 8. Kata kwa kisu kikali, pasipo kuacha chembe. Ncha ya bomba iwe na ukingo ulioinuka. Sukuma mpira upite ukingo huo, kisha klipu ya skrubu ikae nyuma yake, si juu yake. Waya wa seng'enge, ambao nimeuona katika gari nyingi mno, hukata mpira upande mmoja na kuacha nafasi upande wa pili.

Mabomba ya chuma yaliyoliwa na kutu nayo yabadilishwe. Wengine hupenda shaba nyekundu kwa kuwa hupindika kwa urahisi, lakini ikitikiswa siku nyingi huwa ngumu na kupasuka. Shaba iliyochanganywa na nikeli hudumu zaidi. Penye nati, tia pete mpya ya shaba, na utumie spana mbili, moja ya kushika na moja ya kukaza, bomba lisije likajisokota. Lifunge imara kwenye chasisi. Lile liendalo kwenye kabureta ulitazame kwa makini kuliko yote, maana ekzosi iko upande uo huo, na petroli ikiidondokea gari litateketea.

Ukiisha, pampu nyingi za gari hizi zina kishikio kidogo cha kupigia kwa mkono. Kipige mpaka petroli ifike kwenye kabureta, halafu pangusa kila kiungo kwa kitambaa kikavu na kutazama kama kimelowa. Washa mashine, uiache iungurume dakika chache, utazame tena. Siku ya pili rudia kukaza klipu kidogo, kwa kuwa mpira mpya hujibonyeza. Ndipo upakie kabichi zako.