Gati Lililotangulia Mazao

Wako watu, hata miongoni mwa wenye elimu, wasemao kwamba Bandari ya Mtwara ni ushahidi wa hekima ya watawala wa zamani. Husema, "Karanga zilikufa, lakini bandari imebaki." Neno hilo ni tamu masikioni, nalo limekaririwa mno, lakini ndani yake mna udanganyifu, na yafaa tuuseme waziwazi.

Mwezi wa Februari 1947 Serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zao katika Tanganyika, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Vita vilikuwa vimekwisha, na Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kula. Nia ya kuwalisha watu si nia mbaya, wala hatuilaumu. Jimbo la Kusini ndilo lililotazamiwa kutoa fungu kubwa kuliko yote. Na kwa kuwa huko hapakuwa na reli wala gati la meli kubwa, ikaamriwa vijengwe vyote viwili: gati la maji marefu pale Mtwara, karibu na mji wa kale wa Mikindani, na reli ya kwenda bara hata Nachingwea.

Sasa na tuangalie jinsi mambo yalivyofuatana. Katika mwaka ule wa kwanza walikusudia kulima ekari 150,000. Wakapata kama 7,500 tu, tena huko Kongwa katika nchi ya Wagogo, wala si Kusini. Mvua ilikuwa haba, udongo ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, na mizizi ya vichaka ikavunja mashine. Mkulima yeyote wa kijijini aonapo dalili kama hizo husimama kwanza akauliza. Wao hawakusimama. Mwaka 1948 kazi ya kujenga Mtwara ikaanza. Wazee wetu hukataza kukata mbeleko kabla mtoto hajazaliwa. Hapa mbeleko ilikatwa, ikashonwa na kutiwa nakshi, na mimba yenyewe ilikuwa ya shaka.

Mtu atajibu, "Bila bandari, mashine zingepita wapi?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo linalowafunga watetezi wa mpango. Mashine zilikwisha kupatiwa njia. Palitengenezwa mahali pa kushushia mizigo pale Mkwaya, katika hori ya Lindi, na reli ya kutoka hapo ilifika Nachingwea mwaka 1949. Basi gati la Mtwara halikujengwa kwa ajili ya kuingiza mashine. Lilijengwa kwa ajili ya kutoa mavuno, na mavuno hayo hayakuwapo shambani wala ghalani. Yalikuwa katika karatasi za London.

Na ukaguzi je? Ulikuwapo, lakini ulikuja umechelewa. Wakaguzi wa hesabu walipovitazama vitabu vya Shirika la Chakula la Ng'ambo, lililoushika mpango tangu 1948, hawakukubali kuthibitisha kwamba vimetunzwa ipasavyo. Mwezi wa Novemba 1949 wapinzani katika Bunge la Uingereza walidai tume ya uchunguzi. Serikali ikakataa, na kwa kuwa ilikuwa na kura nyingi, ikashinda. Bwana John Strachey, Waziri wa Chakula, akaendelea kuutetea mpango. Haukupita muda mrefu: Januari 1951 mpango wa karanga uliachwa, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36. Lakini gati la Mtwara lilikamilika mwaka 1954, yaani miaka mitatu baada ya kuachwa kwa zao lililokusudiwa kupita hapo. Reli nayo haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Wabunge wale waliuliza juu ya fedha za walipa kodi wa Uingereza, na walifanya vema. Lakini swali la watu wa Kusini ni nani aliyeliuliza? Katika miaka ile ile ya kumwaga zege pwani, wanawake wa uwanda wa juu wa Makonde walikuwa wakishuka mabondeni kutafuta maji, kisha wakipanda tena na mitungi vichwani. Na njia ya kwenda Dar es Salaam ilikatwa na mto Rufiji, ambao haukupata daraja katika barabara ile hata mwaka 2003. Jimbo likapewa mlango mkubwa wa baharini, na nyuma ya mlango hapana njia. Hakuna mkaguzi aliyeandika habari hiyo katika hesabu ya hasara.

Najua nitaambiwa habari za korosho. Ni kweli, korosho hupita Mtwara, na meli huzifuata huko. Lakini mikorosho ile haikupandwa na Shirika la Chakula. Ilipandwa na wakulima wadogo wa Newala, Masasi na Tandahimba, kwa jembe la mkono, mti baada ya mti, bila waziri wa kuwatetea Bungeni wala mamilioni ya pauni. Wao ndio walioipatia bandari ile kazi, baada ya wenyewe walioijenga kwenda zao.