Chumba Kimoja, Kazi Nyingi

Yapo maoni yaliyoenea miongoni mwa wasomi wetu kwamba nyumba ya Kiswahili ni makao ya watu waliokosa fedha za kujenga nyumba nyingine. Husemwa kwamba ustaarabu ni kila tendo kupata chumba chake: chumba cha kulia, cha kuzungumzia, cha mgeni, na kile kikubwa chenye choo ndani ambacho mafundi hukiita masta. Maoni haya nayapinga. Si ya kweli, tena yanawafukarisha vijana wanaoyaamini.

Mimi nakaa Goba, juu ya vilima vya Dar es Salaam, mahali palipokuwa mashamba ya mihogo kabla ya kuwa viwanja. Goba ilihesabiwa katika Kinondoni, na sasa imo katika Ubungo. Apitaye njia zetu huona mapagale mengi: kuta zimefika kwenye linta, majani yameota sebuleni, na mwenyewe bado amepanga Manzese. Huko Manzese yeye na mkewe na watoto hula, hulala, husoma na kupokea wageni katika chumba kimoja. Lakini Goba fedha zake zimezama katika msingi wa chumba cha kulia. Mbona hakujenga vyumba viwili akahamia? Kwa sababu ramani aliyoinunua haigawanyiki. Ni nyumba nzima au si nyumba.

Sasa itazamwe nyumba ya Kiswahili, kama zilivyojengwa Kariakoo, Magomeni na Temeke. Mbele pana baraza. Katikati unapita ukumbi, na vyumba vimepangwa huku na huku, mara nyingi vitatu kila upande. Nyuma pana ua, na uani mna jiko na choo. Vyumba hivyo hulingana au hukaribia kulingana, na hakuna hata kimoja kilichozaliwa na kazi yake. Kilicholaza watoto mwaka huu, mwaka ujao hupewa mwana aliyeoa. Akihama, hupangishwa, na mama mjane akaishi kwa kodi yake. Cha mbele hutobolewa dirisha kikawa duka. Tena nyumba hiyo yaweza kuanza kwa vyumba viwili na kukua kwa kadiri ya mfuko. Je, huu ni ujinga wa ujenzi, au ni akili?

Wala jambo hili si la Dar es Salaam peke yake. Katika nyumba za mawe za Lamu, vyumba viliitwa kwa mahali vilipo: msana wa tini, msana wa yuu, ndani. Jina halikuamuru tendo. Na mbali na pwani yetu, katika nyumba za jadi za Japani, chumba huhesabiwa kwa mikeka inayotandikwa sakafuni: chumba cha mikeka 6, chumba cha mikeka 8. Usiku magodoro hutolewa kabatini. Asubuhi hurudishwa, na palepale huwekwa meza fupi ya chakula. Milango ya karatasi huteleza, vyumba viwili vikawa kimoja. Mjapani alihamisha ukuta. Sisi, tuliojenga kwa udongo na mawe, tulihamisha mkeka. Dunia huzuru nyumba zao na kuzisifu. Zetu twazionea haya.

Nitajibiwa kwamba nyumba ya Kiswahili haina faragha, na kwamba familia sita kugombea choo kimoja si raha. Ni kweli, nami sitetei msongamano. Lakini msongamano huletwa na ukosefu wa makao, hauletwi na ukumbi. Nitajibiwa pia kwamba Wajapani wenyewe wamebadilika. Hilo nalo ni kweli: shirika lao la nyumba lililoundwa mwaka 1955 lilieneza majumba yenye jiko na meza ya kulia. Sisemi tugande. Nasema abadilikaye ajue anachokiacha.

Kama yupo mwenye shaka, na aje Goba siku ya msiba. Nimeona mara nyingi: kabla jua halijapanda, vijana hutoa makochi na kuyapanga uani, meza kubwa ya kulia husukumwa ukutani au hutolewa nje, mikeka hutandikwa, na kina mama hukaa sebuleni bega kwa bega. Wageni wa mbali hulala popote palipo na nafasi. Kwa siku tatu nyumba ile ya gharama hugeuka kuwa nyumba ya Kiswahili, kwa kuwa ndipo watu wanapohitaji kutoshea. Kisha makochi hurudishwa, na meza ambayo watu hawaili chakula hurudi mahali pake.

Basi, ninyi mnaosomea uchoraji wa majengo, nanyi mtakaojenga kesho, nawaombeni jambo moja. Chora vyumba vinavyolingana, vyenye milango inayofunguka ukumbini, ambavyo mtu ataweza kuvijenga viwili viwili na kuhamia kabla hajazeeka. Choo kiwe safi, ukuta uzuie sauti. Lakini kazi ya kila chumba waachieni watakaoishi humo, na watakaowarithi.