Waacheni watoto waandike hadisi za kuogopesha

Goma, Kivu ya Kaskazini. – Inasemwa sana siku hizi, ndani ya makanisa ya mbao na hata mbele ya darasa, eti hadisi za kuogopesha ni mlango wa shetani. Wanaosema hivyo wanaongeza neno lingine: mtoto aliyekimbia vita ameona mengi, kwa nini kumuongezea woga? Neno hili la pili linasikika kama huruma, na wazazi wengi wanalikubali. Linahitaji kujibiwa.

Woga haukuletwa na hadisi. Mtoto aliyetoka Masisi ama Rutshuru na godoro kichwani alijua mlio wa bomu kabla ya kujua kusoma. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliwaangukia wakimbizi wa ndani huko Mugunga, kwenye mahema yao, na hakuna mtunzi wa mazimwi aliyeyaleta. Woga wa vita hakuna anayeweza kumwambia mtoto utaisha lini. Hadisi ya koko ni kitu kingine: inaanza, jitu linatokea, watoto wanabanana chini ya blanketi moja, mmoja anapiga kelele, wengine wanamcheka, kisha inaisha na watu wanalala. Kesho yake jioni wanaiomba tena. Anayesema wanaiomba kwa sababu wamepotoka hajawahi kuketi nao.

Na si kitu cha wazungu, kama wengine wanavyodai. Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo, ambao mzee Shé-Kárisi Rureke aliuimba na Daniel Biebuyck akauandika mwaka 1956. Ndani yake mnaishi Kirimu, zimwi la msituni linalomeza watu. Mwindo analiua, na watu wanatoka tumboni mwake. Lakini hadisi haikomi hapo. Nkuba, yaani Radi, ambaye ni rafiki wa Kirimu, anamchukua Mwindo mpaka mbinguni na kumtesa kwa sababu ya kuua huko. Basi hata mshindi anadaiwa damu aliyoimwaga. Mtu atafute, katika Kivu ya leo, ni wapi pengine mtoto anaambiwa jambo hilo waziwazi.

Huko Nigeria, Amos Tutuola alitoa mwaka 1954 kitabu juu ya mtoto wa miaka 7 anayekimbia vita vya kukamata watumwa na kujikuta kwenye pori la mizimu. Mtoto yeyote aliyepita msituni usiku, akiwa amepotezana na mama yake, angekielewa kitabu hicho bila kuelezwa na mwalimu. Hata Frankenstein, kitabu cha Mary Shelley, kilizaliwa na volkeno: Tambora ya Indonesia ililipuka mwaka 1815, mwaka uliofuata Ulaya ikakosa jua, na watu waliofungiwa ndani na mvua karibu na Geneva wakashindana kutunga hadisi za mizimu. Mary alikuwa na miaka 18, na mwaka mmoja mbele alikuwa amemzika mtoto wake mchanga. (Geneva hiyohiyo ambako leo mashirika yanaandika ripoti juu ya Goma.)

Ripoti, kweli. Mtoto mkimbizi anaulizwa kila wiki: jina lako, kijiji chako, nani alikufa, nani alimuua. Anajibu ili familia iandikwe kwenye orodha ya unga na bashi. Kila mtu anataka ushuhuda wake. Tena ushuhuda ni hatari: katika muji ambamo wenye silaha wanabadilika, kutaja jina la aliyemuua baba kunaweza kumaliza waliobaki nyumbani. Ndani ya hadisi mtoto hataji mtu. Anaandika kwamba zimwi lenye macho saba lilikuja usiku na kumchukua baba, na hakuna anayeweza kumuuliza lilivaa nguo gani. Amesema, na amebaki salama. Nani mwingine anampa nafasi hiyo?

Kuna watoto wasiotakiwa kusukumwa, hilo halibishaniwi. Anayeamka usiku akilia, anayekojoa kitandani tangu safari, aachwe aondoke hadisi inapoanza, wala asilazimishwe kuandika. Lakini kumlinda huyo si kuwanyang'anya wenzake kaye zao.

Maana kunyang'anywa kaye siyo mwisho wa mambo. Mtoto akiandika juu ya mlozi anayeruka usiku, kuna watu wanaouliza: "Wewe ulijuaje?" Swali hilo, katika nyumba yenye njaa na mgonjwa mmoja, linatosha. Mara nyingi mtoto huyo ni yatima aliyepokewa na shangazi, na chakula hakiwatoshi. Anapelekwa kwa pasta, anafungishwa siku tatu bila maji, au anafukuzwa na kulala sokoni. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, lakini sheria haikai ndani ya kila chumba cha maombi.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Koko anayesimulia mlozi wa hadisi hamnyooshei kidole mtu aliyeketi pale, na kila anayesikiliza anajua kwamba ni utungo. Yule anayesimama na maikrofoni na kusema mlozi ni huyu, mwenye shati ya bluu, anasimulia hadisi ya kuogopesha pia, ila anaiita kweli, na mtu analipa. Ni yeye anayewaonya wazazi juu ya hadisi za woga!

Mwalimu atakayekuta mzimu ndani ya kaye ya mwanafunzi asahihishe herufi, amuulize ilikuwaje baadaye, kisha amrudishie kaye mkononi, si kwa shangazi wala kwa pasta.