Kinu Nacho Hupaliwa

Haraka haraka haina baraka. Jumamosi moja nilisimama kwa muuza maji ya miwa hapa kwetu Tudor. Jua kali, wateja tele, nasi twamhimiza: "Haya, ami, fanya upesi!" Maskini akatia miwa mitatu kwa pamoja. Kinu kikapaliwa, magurudumu yakagoma, ikambidi aichomoe kwa mkono. Kidogo kidole kiende nayo. Wallahi niliona haya.

Kiwandani mambo ni hayo hayo, ila kwa matani. Miwa humwagwa juu ya mkanda, hukatwa kwa visu vizito na kuchambuliwa, ndipo iingie kinuni. Ikija mingi kwa mara moja, kinu hukabwa na kazi yote husimama. Ikija haba, kinu hakijai, na sukari hubaki kwenye makapi. Zamani mtu alisimama kutwa akitazama kwa macho, akiongeza na kupunguza mwendo wa mkanda. Akisinzia kidogo tu, balaa! Siku hizi viwanda vingi vina mtambo unaojiongoza. Kipimo kimoja husoma kina cha miwa iliyo katika mfereji wa kuingilia kinu cha kwanza. Kingine hupima umeme unaotumiwa na mota ya visu. Kina kikizidi, mkanda hupunguza mwendo, kikishuka, huongeza.

Wenzangu darasani wasema ati mtambo huu unakula kazi za watu. Mimi nakataa. Tazameni Ramisi, huko Kwale. Kiwanda chake cha sukari kilifungwa mwaka 1988, na si kwa sababu mkanda ulijiongoza. Kazi ziliondoka kwa kuwa kiwanda chenyewe kilikufa, na ilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya kiwanda kingine kusimama sehemu hizo. Jamani, kinachokula kazi ni kiwanda kinachopoteza sukari, au ni kipimo kinachoizuia isipotee?

Hata hivyo sisemi mashine ni mganga. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari. Ukikaa shambani siku nyingi ukingoja lori, hakuna kipimo kitakachourudishia utamu. Tena mtambo usio na fundi ni chuma tu. Kwa hivyo, maoni yangu ni kwamba yule aliyekuwa akikodolea mkanda macho asifukuzwe. Afunzwe kuvitunza na kuvirekebisha vipimo hivyo.

Na sisi je? Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, kiko papa hapa Tudor. Twakipita kila siku tukienda zetu. Wenzangu mnaokimbia fizikia mkisema ni ngumu, mtakuja kulalamika kwamba mafundi watoka mbali ilhali miwa ni ya Kwale? Tusome sasa, kidogo kidogo na bila kukatiza, kama mkanda ule. Tukingoja kujishindilia yote usiku wa kuamkia mtihani, tutapaliwa kama kinu cha ami.